Jina la Babu Katika Mchezo

Niliporudi nyumbani Nyeri baada ya kuhitimu, bila kazi, nilikuwa na mchezo mmoja kwenye kompyuta ambao mtu wako akifa, amekufa. Hakuna kumfufua. Kinachobaki ni shamba lake na mtoto wake, kama alimpata, na mchezo unaendelea na huyo mtoto.

Mtu wangu nilimpa jina langu. Sikufikiria sana, jambo ambalo ni nadra kwangu. Lakini jina langu ni la babu, kwa sababu mimi ni mtoto wa kiume wa kwanza, na kwetu wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Babu alishafariki. Shosho, mjane wake, hajawahi kuniita mjukuu. Huniita "mzee wangu", na nikichelewa kuleta kuni hunigombeza kama mume.

Jioni alikuwa akimenya minji, yaani njegere, kando yangu huku akitazama.

"Mzee wangu leo amepanda nini?"

"Viazi, shosho."

"Hiyo ni vizuri. Usimpeleke huko kwa mapango."

Nilimpeleka, shosho akiwa kanisani. Chui akamuua. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea kaburi lenye jina.

Nilikaa nikilitazama. Shosho alishamzika mara moja. Nilijiuliza kama angepandwa na presha, kisha nikajiuliza kama si mimi tu ninayelikuza jambo dogo. Marehemu alikuwa ameacha mtoto wa kiume, na mchezo ulitaka nimpe jina. Nikampa lilelile la baba yake, nikitumaini shosho hatagundua.

Aligundua kabla hajakaa.

"Huyu ni nani? Mzee wangu alikuwa na ndevu."

"Ni kijana wake."

"Na mwenyewe?"

"Alikufa, shosho. Alishikwa na chui."

Akamenya ganda moja, akamenya la pili. "Si nilikuambia mapango." Kisha akauliza, "Na huyu anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akaweka sufuria chini. Kifo alikuwa amekipokea vizuri. Hili ndilo lililomkasirisha.

"Ati nini? Mtoto ameitwa baba yake? Hiyo umeona kwa nani? Sasa jina itarudi aje?"

Nilijua desturi, ila sikudhani inafika ndani ya kompyuta. Jina haliendi kwa mtoto, linamngoja mjukuu.

"Mpe jina ya baba yako," akaamuru. "Yeye azae, halafu mzee wangu arudi."

Mchezo uliruhusu kubadilisha jina, nikabadilisha. Sasa aliyekuwa kwenye kioo ni baba yangu, ambaye yu hai, anauza mbolea Murang'a, na hutupigia simu kila Jumapili. Nikashindwa kumtoa nyumbani. Alipanda viazi, akavuna, akafunga mlango kabla ya giza. Kesho yake tena. Nilipoona mvua inakuja, hata shambani sikumpeleka.

Shosho akachoka. "Huyu ataoa lini?"

"Wanawake wako mji wa ng'ambo, shosho. Lazima avuke msitu."

"Si avuke."

"Akifa kabla hajapata mtoto, mchezo umeisha. Na jina la babu limeisha."

"Na akikaa hapo na viazi mpaka azeeke, jina haitaisha?"

Nikampa mkuki na chakula, nikakagua chakula tena, nikarudi kuukagua mkuki.

"Wewe, mzee wangu, hata harusi yetu ulichelewa hivi hivi," shosho akasema.

Alisogeza kiti karibu, sufuria ya minji mapajani, mikono imetulia. Nikafungua lango la shamba.

"Polepole," akasema. "Na asipite kwa mapango."