Kigoda cha Dada Namkunda

Harufu ya mti wa mringaringa unaoungua ilinikera msimu ule wote. Ilianzia uani kwetu Vudee, ikaingia jikoni, ikaganda kwenye sweta langu la shule, na niliichukia kwa sababu mama alikuwa akichoma nakshi kwenye kigoda cha dada Namkunda. Kwetu binti hakwenda kwa mumewe bila kigoda kilichochomwa na mama yake, na dada alikuwa anaolewa Kihurio, kule bondeni kwenye mpunga. Kigoda kikiisha, dada anaondoka. Sikutaka aondoke. Ndiye aliyenisuka nywele, na ndiye pekee aliyejua jinsi ninavyoogopa radi.

Kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa. Misumari mirefu yenye vishikio vya gunzi ilikaa motoni. Mmoja ukipoa, mama alichukua mwingine. Ukiwa mwekundu mno unatoboa mti, ukipoa unaacha doa tu. Sikutulia hata kidogo. Napuliza, nasimama, naenda kuchungulia njia, narudi. Kisha nikaanza kupuliza kivivu, makusudi kabisa, nikisubiri kukemewa. Mama aliurudisha tu msumari motoni, akangoja.

Siku moja shangazi, dada yake baba, akaja kuangalia. Alikigeuzageuza kigoda mikononi.

"Wifi, hiki si kimeshakwisha? Watu wa Kihurio wanasubiri."

"Bado mguu huu, wifi," mama alijibu. "Mistari haijakaa sawa."

Nikautazama mguu. Mistari ilikuwa imenyooka vizuri tu. Shangazi alipoondoka, mama alianza safu nyingine chini yake, na msumari ulipopoa hakuchukua mwingine. Alikaa nao mkononi, akitazama chumba cha dada. Hapo nikajua tuko wawili tusiotaka aondoke, nikasogea nikakaa karibu naye. Lakini mguu wa kigoda ni mfupi. Nafasi iliisha, na dada akaondoka.

Sasa naishi Same mjini na nakshi nachoma kwa kalamu ya umeme. Kihurio tunakwenda na kurudi siku hiyohiyo, simu ziko mfukoni, na watu wananiambia siku hizi hakuna kutengana. Juzi binti yangu alipoolewa, nilianza kigoda chake baada ya chai ya asubuhi. Kalamu haipoi wala haipulizwi. Kabla ya adhana ya mchana kilikuwa tayari, binti akanishukuru, akakipakia garini. Mama alikuwa na misumari inayopoa na mistari ya kusingizia ili dada akae. Mimi nilizunguka ua mzima nikitafuta cha kusingizia, sikukiona.