Spana Mpya za Baltazari

Baltazari wa hapa Chanji anajiita fundi pikipiki. Ajiite apendavyo. Mimi Leonia nauza chai mlangoni pa gereji yake, na kila siku namwona akipangusa spana zaidi ya kuzitumia. Zile za zamani, nzito, aliziuza kama chuma chakavu soko huria lilipoingia na maduka yakajaa vitu vya kung'aa. Akanunua seti nzima kwenye boksi jekundu, akatuita tuje tuzione kana kwamba mkewe kajifungua. Mwanaume mzima!

Asubuhi moja akaja Ndalahwa, Msukuma anayefuga ng'ombe Milepa, kule chini bondeni. Habari ilimkuta hapa mjini: mama yake amefariki, wanazika alasiri. Na shokapu, ile springi ya nyuma ya pikipiki yake, imekufa. Huwezi kuteremka bondeni hivyo. Lori la Milepa lilikuwa linapakia ng'ambo ya barabara, akataka kulikimbilia.

"Lori la nini, bwana?" Baltazari akamzuia. "Bolti mbili tu hizi, nabadilisha shokapu. Sasa hivi uko njiani."

Lori likaondoka. Jamani, nilitamani kumpiga mwiko.

Bolti ya juu ilitoka. Ya chini ilikuwa imeliwa na kutu, imegandamana. Ndalahwa akamwomba aimwagie dizeli, aiache ilainike.

"Hayo ya kuloweka waachie mafundi wa vijijini," Baltazari akasema, huku ananitazama nimsifu. Nikamsonya.

Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akaning'inia. Spana ikapanuka mdomo. Akachukua nyingine, nayo ikateleza na kulamba kona za nati hadi ikawa duara. Mwenye haya angeomba radhi hapo. Yeye akashika tindo na nyundo, akatwanga kama anaua nyoka, mpaka bolti ikakatika na kipande kikabaki ndani. Jua lilishapita utosini.

Akajifuta mikono. "Hii inataka kutobolewa, na leo umeme hakuna. Usijali, rudi kesho."

Ndalahwa alikuwa amechuchumaa muda wote. Akasimama.

"Kesho nije nimzike nani, fundi?"

Hakungoja jibu. Aliiacha pikipiki pale pale, akashika barabara ya Milepa kwa miguu, na sote tulijua hawahi maziko. Alipopotea kwenye kona, Baltazari akanyoosha kikombe nimtilie chai.