Kifuniko cha Sita

Wanaosema mume wangu Yotham alikuwa na majini waje waniulize mimi Ruthu, niliyeishi naye miaka thelathini na miwili. Hakuwa na majini. Alikuwa mtu wa simu, tena mkaidi, na ukaidi wake ulimponza mdogo wake.

Reli ilipofika Dodoma, Wajerumani walijenga posta karibu na stesheni, na ndani yake wakaweka sanduku la simu. Yotham alikuwa amesoma misheni na alijua Kijerumani cha kuombea maji, basi wakamkalisha mbele ya sanduku hilo. Lilikuwa la mbao, refu kama kabati. Juu lilikuwa na vifuniko sita vidogo vya shaba, kila kimoja na namba yake. Cha kwanza kilikuwa cha boma, cha pili cha stesheni, na cha sita cha machimbo ya mawe, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini. Mtu wa huko akizungusha mkono wa simu yake, kifuniko chake hudondoka, tak. Hapo Yotham huchomeka kamba kwenye tundu lililo chini yake, huweka kisikizio sikioni na kuuliza anatakiwa nani, kisha ncha ya pili ya kamba huichomeka kwa anayetakiwa. Mchana nilikuwa nikimpelekea ugali wa uwele na mlenda, nikikaa kwenye benchi nyuma yake huku akiwaunganisha watu wasioonana. Sikuipenda kazi ile hata siku moja.

Kwetu Ugogo mtoto hufundishwa mapema kwamba ukiitwa na usiyemwona, unyamaze kwanza. Mtu hai ataita tena. Mfu huita mara moja tu, na ukimwitika unamfuata. Yotham alibatizwa na kila Jumapili alikaa benchi la mbele, lakini hilo halikumtoka. Kifuniko kikidondoka, alikirudisha juu kwa kidole, akangoja. Kikidondoka mara ya pili ndipo alipoitika. Bwana wa posta alimgombeza mpaka akachoka, na wapiga simu wote wakazoea kuzungusha mara mbili.

Asiyekubali alikuwa mmoja, Filipo, mdogo wake wa tumbo moja, karani wa machimbo. Huyo alizungusha mara moja, akangoja kwa makusudi, mpaka uvumilivu ukamwisha akazungusha tena.

"Kaka, Jumapili nimekula kwako, leo nimekuwa mzimu?" aliuliza.

"Mzimu au si mzimu, zungusha mara mbili kama wenzako."

Walicheka wote wawili. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Miaka miwili kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, siku moja saa nane mchana, upepo ukivumisha vumbi dirishani, kifuniko cha sita kilidondoka. Nilikuwepo. Yotham alikirudisha juu, akamega tonge lake. "Atazungusha tena," alisema. Hakuzungusha.

Habari tulizipata jioni kwa vibarua wa machimbo. Mwamba ulikuwa umeporomoka ukalala juu ya reli, na gari la moshi lilikuwa karibu kuondoka stesheni. Filipo alikimbilia kibanda cha simu, akazungusha mkono, akasimama na kisikizio sikioni. Alingoja na kungoja, akisema kaka yake ataitika sasa hivi. Aliposikia gari linapiga honi kwa mbali, alikitupa kisikizio, akavua kanzu yake nyeupe, akatoka nje akakimbia juu ya reli akiipunga. Dereva aliiona akafunga breki. Gari lilisimama kabla ya mwamba, na abiria wote walishuka wazima. Ila lilisimama likiwa limeshapita juu yake.

Machimbo yalifungwa. Nguzo ziling'olewa, waya ukakunjwa na kupelekwa kwingine, na fundi akaja posta akachomoa waya wa sita nyuma ya sanduku. Nilimwona kwa macho yangu akiuweka mfukoni.

Siku ya arobaini tangu mazishi, saa nane mchana, kifuniko cha sita kikadondoka.

Yotham alikitazama, mimi nikamtazama Yotham. Alikirudisha juu. Tulingoja. Hakikudondoka tena siku hiyo, lakini kesho yake saa nane kilidondoka, na kesho kutwa, na kila siku, mara moja tu. Bwana wa posta alisema kishikizo kimelegea, akakifunga kwa uzi. Saa nane uzi ulikatika. Akakifunga kwa waya mwembamba wa shaba, na huo nao tuliukuta sakafuni. Baada ya hapo naye alianza kwenda kula chakula chake saa saba na nusu.

Nilimkanya mume wangu asiitike. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, na sikutaka kuzaa mtoto asiye na baba. "Ukimwitika utamfuata," nilimwambia, "na unajua." Alijua. Kila siku alikaa na mikono mapajani, akingoja kifuniko kidondoke mara ya pili, maana kikidondoka mara ya pili ni mtu hai. Aliacha kula. Aliacha kulala. Shingo yake ikawa nyembamba mpaka kola ya posta ikamzunguka kama kikapu. Niliogopa mfu, lakini nilianza kumwogopa zaidi huyu niliyekuwa nikimpakulia.

Siku moja nikachoka. Sitaki kusema nilikuwa jasiri, nilikasirika tu. Kifuniko kilidondoka, akaweka mikono mapajani, nami nikaweka bakuli chini.

"Mwitike," nilisema.

"Ruthu, nikimwitika..."

"Umeshaanza kumfuata. Mwitike, umsikie anataka nini."

Nilikaa karibu naye, sikio langu likagusa kisikizio upande wa nje. Alichomeka kamba kwenye tundu la sita, lile lisilo na waya. Kwanza tulisikia upepo, kisha mtu anahema, mtu aliyetoka kukimbia. Nilimjua kabla hajasema neno. Nilimpikia miaka minne.

"Niunganishe na stesheni," alisema Filipo. "Upesi, tafadhali. Mwamba umelala juu ya reli."

Hakumjua kaka yake. Alisema kama mpiga simu yeyote. Midomo ya Yotham ilicheza bila sauti, ila mikono yake ilikuwa imezoea kazi. Ilichukua ncha ya pili ya kamba, ikaichomeka stesheni, ikapiga kengele.

Stesheni alikuwepo Abbasi, karani wa kutoka Kondoa, mtu wa swala tano asiyependa mzaha. Alimzika Filipo pamoja nasi, alishika jembe kwa mikono yake.

"Stesheni," Abbasi aliitika.

"Machimbo hapa," Filipo alisema. "Bwana, zuieni gari. Mwamba umelala juu ya reli."

 Nilisikia saa ya ukutani ya stesheni ikigonga kupitia waya. Nikafikiri Abbasi atakitupa kisikizio akimbie, na nisingemlaumu. Wakati ule hapakuwa na gari lolote, la kwenda wala la kuja.

"Limezuiwa, bwana," Abbasi alisema polepole. "Liko hapa mbele yangu. Halitoki."

Filipo alishusha pumzi ndefu.

"Asante," alisema. "Basi sina haja ya kutoka nje."

Hapo ndipo Yotham alipopata sauti yake. "Usitoke, mdogo wangu," alisema, machozi yakimdondoka juu ya kamba. "Nimekuitika. Kaa hapo hapo."

 Tulimsikia Filipo akivuta kigoda, akaketi.