Rachidi wa Toleka na Essai ya Masere

Hapa kwetu Kabondo, mutu akitaka kusikia matusi mazuri, yale yasiyo na uchungu ndani, aje asubuhi mbele ya nyumba yangu. Atanikuta napanguza pikipiki, na Rachidi anapita na baiskeli yake ya toleka.

"Ee Lambert! Hiyo koko yako ya kizee imeamka leo, ao unangoja padri aikuje kuiombea?"

Mimi namjibu bila kugeuka: "Pita, pita na kuku yako ya chuma. Wenye motere tutakukuta njiani."

Anapiga kengele, kring, anaenda zake anacheka peke yake. Tumefanya hivyo miaka na miaka. Siku akikosa kupita, bibi yangu Priscille ananiuliza kama tumegombana.

Toleka, kwa asiyeijua Kisangani, ni baiskeli yenye kibao nyuma na mto wa sponji juu yake. Abiria anakaa kando, mwenye baiskeli anakanyaga. Zamani mji mzima ulitembea hivyo, wakubwa kwa wadogo. Halafu pikipiki zikaingia kwa wingi, vijana wakazitupa baiskeli nyuma ya nyumba, mbuzi wakapata pa kujikuna. Rachidi hakuitupa yake. Alikuja nayo kutoka Maniema akiwa kijana, njia yote ya msitu. Yeye anasema aliikanyaga. Mimi nasema aliibeba kichwani. Mashahidi hakuna.

Watoto wake wote wamelishwa na kile kibao. Binti yake Madina anasoma uuguzi, na mpaka leo baba yake anampeleka, tena anamkataza kushuka mbali. Ashukie palepale mlangoni mwa shule, wenzake wote waone. Nilimwuliza, "Waone nini, hii kinga, hii baiskeli yenye kutu?"

"Waone kama ana chauffeur wake."

Alors, mutu wa namna hiyo utamfanya nini? Adhuhuri ikimkuta upande wetu, anaegesha mbele ya nyumba, anachukua maji katika bidoni yetu, anatawadha, anasali nyuma ya jiko. Akimaliza anarudi kunitukana.

Bon, sasa nije kwangu, maana hadithi isiyo na mimi ni kama mboga ya pondu bila mafuta. Pikipiki yangu nilinunua kwa masista wa misheni, zamani, wakati wanauza vitu vyao vya kale. Ndiyo maana inaitwa Masere, jina tunalowaita masista wenyewe. Hakuna fundi mjini aliyeipenda kama nilivyoipenda. Mimi mwenyewe nilikata chuma, nikateremsha kiti, nikaweka mto uliofungwa kitenge cha Machi nane, sikukuu ya wanawake. Kiti hicho nilikifanya kwa ajili ya Priscille. Mvua moja, dereva wa taksi alimwangusha matopeni, na nyonga yake haijasahau. Tangu hapo aliapa: kinga ya Rachidi atapanda, iko chini na inakwenda polepole. Lakini pikipiki, ni Masere tu, na dereva ni mimi tu. Mimi ninaendesha vizuri sana, hilo hata maadui zangu wanakubali.

Mwaka jana mama yake Priscille alifariki kwao Bengamisa. Jamaa wakapanga Jumamosi ya kutosha kilio, kumaliza matanga. Kwa desturi yao, binti wa kwanza ndiye anayewavua wadogo zake nguo nyeusi kwa mikono yake, ndipo wanaoga na kuvaa nyeupe. Asipofika, wote wanabaki na nyeusi yao na chakula kinapoa katika sufuria. Binti wa kwanza ni Priscille.

Na ni wakati huohuo Masere alianza kutoa moshi kama mutu anakausha samaki.

Nikampeleka mtaa wa Simi-Simi, kwa fundi mumoja anaitwa Landry. Kibao cha garaji yake kilikuwa kimeandikwa "Clinique", na yeye mwenyewe alikuwa amevaa blouse nyeupe ya daktari. Hakushika hata tournevis wala spana. Aliinama, akaweka sikio juu ya motere, akafunga macho.

"Tonton, hii inaomba opération."

Niliposikia opération, moyo wangu ulifurahi. Nilijua nimefika kwa watu waliosoma.

Nikarudi kesho yake. Masere hayuko.

"Iko kwa essai, tonton," Landry akasema. "Fundi wa kweli hatoshe pikipiki garajini bila kuijaribu."

Keshokutwa tena: iko kwa essai. Siku iliyofuata: essai. Mimi nikaenda zangu kifua mbele, nikaelezea avenue yote kwamba pale kwa Landry hawafanyi kazi ya mchezo, wanajaribu mpaka chuma kinakubali. Rachidi alinisikiliza mpaka mwisho, mguu mumoja chini.

"Lambert, mimi niliona Masere wako jana kwa route ya Bengamisa. Iko na mafuko ya makala ya kupikia, na bibi mumoja munene juu yake."

"Unaona? Essai ya uzito!"

Akaniangalia. "Na ule bibi, naye ni pièce ya motere?"

Msicheke. Nilikuwa nimeelewa zamani, nilikuwa namwacha tu Landry ajifunge kamba vizuri. Ndivyo ninavyosema mimi, na Priscille akisema vinginevyo msimsikilize.

Siku hizo zote Rachidi ndiye aliyempeleka Priscille sokoni na kwanga zake, ile mikate ya muhogo anayouza. Hakuna aliyemwomba. Asubuhi ya kwanza alisimama tu mlangoni, akapiga mto kwa kiganja kuondoa vumbi, akasema, "Mama, twende. Pilote wetu hana ndege." Jioni anamrudisha. Ukimtajia malipo, anaomba chai, sukari nyingi.

Basi siku moja kabla ya Jumamosi, wamekaribia soko kuu, Priscille akasikia kikohozi. Masere anakohoa mara mbili, ananyamaza, halafu anakohoa tena, kama sista anayenyamazisha watoto kanisani. Akageuza kichwa. Pale wanaposimama wenye taksi, kijana mumoja amekalia kitenge cha Machi nane, anaita wasafiri kwa sauti ya kuuza samaki. Alikuwa Timothée, kijana wa garaji ya Landry.

"Simama," Priscille akasema.

Rachidi akasimama, lakini aliogopa. "Mama, tafadhali, usipige kelele ya mwizi. Batu watamuua huyu mutoto hapa hapa."

"Nani anapiga kelele? Mimi ni abiria."

Akashuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda anachechemea mpaka kwa Timothée.

"Kijana, unanifikisha Kabondo?"

"Panda, mama!"

"Niko na nyonga mubaya. Pikipiki zenu ziko juu sana."

"Hii? Mama, kaa, utaona. Hii siège iko chini, ni kama walikufanyia wewe."

Na bibi yangu, aliyeapa hatapanda na dereva mwingine, akapanda. Rachidi akageuza baiskeli, akawafuata na kwanga zote nyuma. Anasema hakuhitaji kuwaona, alifuata moshi tu.

Mimi nilikuwa uani nanyoa ndevu, povu mashavuni. Nikasikia kikohozi. Kabla sijageuka, sauti ya Priscille nje: "Ingia ndani ya parcelle, mpaka uani, kijana, usiniache njiani na mguu huu." Timothée akaingia, muungwana kabisa, akazima motere. Nyuma yake Rachidi akafika, jasho mpaka kwenye mkanda, akalaza baiskeli yake katikati ya mlango.

Timothée akaniangalia. Akaangalia wembe mkononi mwangu. Akaangalia kiti alichokuwa amekalia.

"Tonton," akasema polepole, "hii... hii ni essai."

Wallahi, kama Rachidi anavyoapa, nilitaka kukasirika lakini Priscille alikuwa ameshaanza kucheka, na Priscille akicheka mimi siwezi kitu. Tulimpa yule kijana maji. Akatuma simu kwa bwana wake.

Landry alikuja na blouse yake, sasa imekuwa na rangi ya chungu. Alikuja na hasira, tena.

"Tonton, donc unachukua mugonjwa mbele ya docteur kumutosha hospitali? Essai haiyaisha!"

Mimi nilikuwa nimetayarisha Kifaransa kizito cha kumwangusha, lakini hasira ilikuja ikakisukuma chote nje, nikabaki na "Monsieur, monsieur". Rachidi alikuwa amekaa juu ya kibao cha toleka, anakunywa chai yake. Ndiye aliyejibu, sauti ya upole kabisa.

"Docteur, uko na haki. Essai ni lazima iishe. Kesho Lambert anaimaliza mpaka Bengamisa. Ni wewe utakaa nyuma."

"Mimi?"

"Ni wewe ulifanya opération. Kama mugonjwa alipona, unaogopa nini? Mama Priscille atakupa nafasi yake."

Landry akaangalia Masere. Akaangalia gurudumu, akaangalia motere. "Ah, kesho niko na kazi mingi," akasema.

Basi hapo sote tulijua afya ya Masere, bila kuweka sikio. Majirani waliokuwa kwenye ukuta wakapiga mbinja. Landry akamshika Timothée mkono, wakaenda kwa miguu. Nilitaka kumfuata, Priscille akanizuia.

"Mwache. Kilio cha mama kinaningoja kesho. Unaweza kuitengeneza ao hauwezi?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi Lambert?"

Nilifungua, nilifunga, nilisafisha mshumaa wa motere unaotoa cheche, nikakaza kila kitu kilichokubali kukazwa. Nilimwambia itafika. Hakuwa na dereva mwingine, na mimi sikuwa na neno lingine.

Jumamosi tulitoka umande ungali juu ya majani. Njiani, kabla hatujafika mbali, tukamkuta Rachidi anakanyaga kuelekea kaskazini. Alikuwa ameondoka mara tu baada ya sala ya alfajiri.

"Unaenda wapi wewe?"

"Bengamisa, kununua muhogo."

Muhogo! Katika Kabondo muhogo umejaa, na kibao chake alikuwa amekiosha, mto wake amefunika kitambaa safi. Lakini mimi nilikuwa juu ya motere inayonguruma, akili haikuingia. Nikapiga honi, nikampungia kitambaa: "Tutakuachia mifupa!" Tukampita, tukamwachia moshi.

Masere alitubeba vizuri, nitamshuhudia. Alitubeba mpaka tukaona kilima kirefu, akakohoa mara mbili, akanyamaza. Nikangoja kikohozi cha tatu. Hakikuja. Nilipiga kick mpaka kiatu kikafunguka mdomo. Pande zote msitu, na njia imekauka nyekundu.

Priscille alishuka, akaketi juu ya gogo, mfuko wa nguo yake nyeupe magotini, mkono juu ya nyonga. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alisema tu, akiangalia mbele, "Watabaki na nyeusi." Akarudia tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Halafu, chini kabisa ya kilima: kring.

Nimesikia ngoma, nimesikia orgue ya kanisa, nimesikia watoto wangu wakilia mara ya kwanza. Lakini ile kengele yenye kutu, jamani! Alipanda kilima anasukuma, shati limeshikana na mgongo. Akatufikia. Nikasimama wima nikangoja matusi yangu, maana siku ile alikuwa na haki ya kunitukana mimi, Masere na ukoo wa Masere wote.

Akapiga mto kwa kiganja.

"Mama, panda." Kisha kwangu: "Lambert, wewe sukuma polepole. Jua ni kali."

Hayo tu. Ndiyo siku pekee hakunitukana. Nikawaona wanateremka upande wa pili, Priscille amekaa kando, amekumbatia mfuko wake, mpaka njia ikawameza.

Nilisukuma. Katika kila kijiji watu waliniuliza, "Papa, imekufa?" Nikajibu, "Apana, ni sista, iko kwa sala." Mutu asiache heshima yake njiani.

Nilipoingia Bengamisa jua lilikuwa linateremka, na kabla ya kuona nyumba nilisikia wimbo. Uani wadogo zake Priscille wote walikuwa wameoga, wako weupe kama kwanga iliyomenywa, na yeye katikati yao, analia na kucheka pamoja. Nguo nyeusi zilikuwa rundo moja karibu na moto. Nikaegemeza Masere kwenye mti nikavua kofia.

Na kiti cha mukwe, kile wanachoniwekea mimi kila nikifika, kilikuwa na mutu. Rachidi! Shemeji zangu walikuwa wamempa jogoo na kisu achinje mwenyewe, kwa kuwa yeye ni Mwislamu. Sasa shangazi ya bibi yangu alikuwa amepiga magoti mbele yake na sahani. Juu ya sahani: firigisi. Kwa wakwe zangu, firigisi ya kuku haigawanywi. Ni ya mukwe.

"Mama, mukwe ni mimi!" nikaita, vumbi mpaka kwenye kope.

Shangazi hakugeuka hata. "Mukwe ni ule alituletea mutoto."

Uani wote ukacheka. Rachidi akachukua firigisi kwa vidole viwili, akaniangalia.

"Lambert, essai imeisha?"

"Imeisha, ndugu yangu."

Akaiweka mdomoni, akatafuna polepole sana, macho kwangu, ili nione kila kitu. Nikatafuta mkeka, nikaketi chini karibu na miguu yake. Ilikuwa bado inatetemeka, kamba za misuli zinaruka zenyewe chini ya suruali. Nikachukua jagi, nikamjazia maji, na akimaliza nikamjazia tena.