Deus, rubani aliyekataa kuruka

Kidole kinagoma jamani. Nimeandika "marehemu Deus" nikafuta, nikaandika tena, nikafuta.

Na kabla sijalia vizuri, niseme hili: nyie mnaopost kwamba Deus ameanguka na ndege, acheni! Deus hakuanguka na ndege. Presha ilimwangusha bafuni kwake Kawajense, hapa Mpanda, asubuhi, mswaki mkononi. Ndege ilikuwa bandani, injini imefunguliwa. Mnatafuta likes kwa maiti ya mtu? Mnanitia kinyaa.

Kwa wasiomjua: Deus ni mtoto wa wakulima wa Sibwesa aliyekuja kuwa rubani. Alirusha ndege za watu mpaka akachoka, akarudi Mpanda, akanunua yake mwenyewe. Ya viti vinne, kuukuu, imetengenezwa kabla mimi na yeye hatujazaliwa.

Aliikuta imetelekezwa kwenye kambi ya zamani ya watalii. Kuku walikuwa wanataga kiti cha nyuma! Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alikuwa anapapasa bawa kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Mimi nauza spea za pikipiki, kwa hiyo Jumamosi nilikuwa namshikia tochi. Siku moja nikamletea mpira wa mafuta wa boda, mpya kabisa, unaingia vizuri. Akaurudisha mkononi mwangu.

"Boda ikizima unaisukuma. Hii ikizima nitasukuma nini?"

Watu walidhani ataanza na rangi. Akaanza na mikanda. Ndege ile ilikuwa na ya kiunoni tu, yeye akataka ya mabegani, viti vyote. Akaiagiza, akaisubiri, akamngoja injinia mwenye leseni atoke Dar aje kuifunga na kuikagua. Baadaye ikaja redio mpya. Rangi mpaka leo imebabuka.

Kulikuwa na nyigu wanaojenga viota vya udongo ndani ya kile kibomba kinachopima mwendo wa ndege. Deus alikuwa anakifunika kila akimaliza safari, na kukichungulia kila kabla ya kuruka. "Mji huu mzima adui yangu ni nyigu tu," aliniambia.

Alikosea.

Kuna bwana mmoja mwenye hela zake hapa mjini. Simtaji jina, tumwite Bosi. Alitaka afike kwa ndege kwenye send-off ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, wilaya ya jirani, yeye na wageni wake wawili. Deus akakubali. Kisha akafanya service, akamwaga oili, akaipasua filta. Ndani kulikuwa na chenga za chuma, zinameta. Akanionyesha kwenye kitambaa cheupe.

Bosi akaja bandani na suti yake.

"Chenga tu hizo! Si nimesikia uliiwasha ikanguruma vizuri?"

"Iliwaka, mzee. Lakini injini inajila yenyewe. Siirushi."

"Nimeshawatangazia watu!"

"Watangazie tena, mzee. Utakwenda na gari."

Bosi akamwita mwoga, mbele yangu na mbele ya walinzi wa uwanja. Kwenye send-off akashika maiki akasema Mpanda kuna rubani anaogopa ndege yake mwenyewe. Ukumbi mzima ukacheka. Kuanzia hapo jina likawa Kuku. Sokoni Kuku, stendi Kuku, hata nje ya kanisa. "Kuku, mabawa unayo, mbona huruki?" Mke wake Consolata aliacha kwenda kwaya.

Injinia alipofungua injini alikuta shafti ya ndani imelika vibaya. Akamwambia Deus, "Mngeondoka nayo, msingefika." Nikamsihi Deus aende kumwambia Bosi. Akasema, "Ya nini? Tutafute spea."

Sasa njoo msibani. Nani ameshika maiki? Bosi! "Deus alikuwa rafiki yangu kipenzi, shujaa wa anga," anajifuta macho makavu kwa leso. Vijana wale wale wa Kuku wamekwenda bandani, wanapiga selfie wameegemea bawa, "RIP Captain". Aisee!

Bado hatujatoka makaburini, baba mdogo wa marehemu akanivuta pembeni. Eti kwa kuwa injini imeshafunguliwa, imalizwe tu kutolewa, itafaa mashine ya kusaga kule Mwamkulu. Mteja ameshapatikana. Mteja ni nani? Bosi.

Udongo wa kaburi haujakauka, nyie!

Consolata alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. Akampita baba mdogo, akaenda mpaka kwenye kiti cha Bosi.

"Mzee, ulitaka mume wangu akurushe na chuma kwenye oili. Angekutii, wewe na wageni wako tungewazika siku moja. Alikuacha hai, ukamtukana. Ndege haiuzwi, na injini haiendi kusaga mahindi ya mtu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Wiki hii spea alizoagiza Deus zimefika, injinia amerudi, ameifunga injini. Jana tuliisukuma nje ya banda, akaiwasha. Ikakohoa, ikashika. Vumbi lote likaturukia sisi. Consolata alitabasamu, halafu akalia kwa sauti kubwa kuliko siku ya mazishi. Rubani aliyefanya kazi na Deus zamani ataipeleka juu ikishakaguliwa.

Na leo asubuhi nafungua simu, Bosi yuko DM. Anaomba eti awe abiria wa kwanza, "kwa heshima ya marehemu". Nimesoma, nimeitema chai. Nimemblock.

Deus, kaka yangu, samahani, nilitaka kukuaga kwa maneno laini lakini leo nina hasira tupu. Umerusha watu maisha yako yote na hakuna hata mmoja aliyezikwa kwa sababu yako. Sisi ndio tumekuzika wewe, tukiwa wazima.

Usingizi mwema, Captain. Nimekumiss mno.