Walibomoa baraza la mafundi Moshi mjini, na gauni moja la kipaimara bado halina mwenyewe

Wakuu, salamu kwenu, wa mlimani na wa tambarare.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe na nitayasema kama yalivyo. Nikiongeza chumvi mtaiona tu, chumvi yangu ni ya mawe, haijifichi. Elimu yangu ni ya masomo ya jioni, nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, kwa hiyo wale wa kusahihisha herufi leo mpumzike. Nina hasira.

Moshi mjini ndiko nilikokulia, kwa baba mdogo. Siku hizi kazi yangu iko Holili, kwenye malori, na familia iko Kirua, mlimani. Mjini naenda kwa nadra.

Binti yangu Haika alikuwa apate kipaimara Jumapili. Kwa asiyejua, kipaimara kwetu Walutheri wa mlimani ni harusi isiyo na bwana harusi. Mbuzi anaanguka, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, ndugu wanapanda mpaka kutoka Dar. Na msichana lazima avae gauni jeupe.

Mke wangu hakutaka la dukani. Alitoa gauni lake la harusi, lile lile alilonifuata nalo madhabahuni, akalipeleka kwa fundi Aminieli likatwe liwe la mtoto. Siku analitoa sandukuni alilibeba kama trei ya mayai.

Sasa elewa: hilo likipotea, hakuna duka linaloliuza.

Fundi Aminieli alikuwa kwenye lile baraza refu la mtaa wa vitambaa. Wenyeji mnalijua. Unanunua kitambaa ndani, unatoka nje, mafundi wamepanga vyerehani mstari mmoja, unapimwa hapo hapo mbele za watu. Suruali yangu ya kwanza ndefu ilishonwa pale na Moshi nzima ikajua kiuno changu. Desemba vile vyerehani vikikolea ungevisikia mpaka Himo.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kuchukua gauni.

Baraza halipo.

Yaani jengo lipo, baraza halipo. Limezibwa kwa kioo, chini vigae vya kuteleza, ndani wanauza simu, mlangoni spika inayoweza kuamsha marehemu wa Njoro yote. Nilirudi mwanzo wa mtaa nikaanza upya, nikidhani nimekosea.

Nikamuuliza mlinzi mafundi wamehamia wapi. Akaanza kuniangalia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Mzee, hapa hakujawahi kuwa na mafundi."

Hakujawahi!

Wakuu, mkononi nina kovu la pasi ya mkaa. Nililipata nikiwa mtoto, pale pale alipoweka kiti chake. Na mtu aliyeletwa juzi ananiambia hakujawahi. Nilitamani nimwonyeshe kovu, kisha nimwonyeshe na pasi yenyewe.

Namba ya fundi haipatikani. Nikampigia mke wangu nikijikaza. Akasema kwa upole, ule upole wa hatari: "Baba Haika, usipande huku bila gauni."

Ng'ambo ya barabara kuna mama muuza parachichi, yupo pale tangu enzi. Yeye ndiye aliyenieleza. Mmiliki mpya aliwaondoa wote jioni moja, kila mtu akabeba cherehani chake kichwani akaenda anakokujua. Aminieli yuko mtaa wa Pasua. Akanielekeza:

"Meku, mzee wangu, nenda mpaka ilipokuwa mashine ya kusaga. Ukiipita kuna mjakaranda ulikatwa, shika kushoto. Utafika lilipokuwa duka la mafuta ya taa. Uliza hapo."

Mashine haipo. Mti haupo. Duka halipo. Nimeelekezwa kwa marehemu watatu.

Na hii ndiyo tabia yetu watu wa Moshi, hatumwelekezi mtu kwa kilichopo. Kilichopo hatukiamini, Jumatatu kinaweza kuwa shimo.

Nikachukua bodaboda. Dereva umri wake ni kama wa mkanda wangu, mashine ya kusaga hajawahi kuisikia. Njiani namwonyesha: hapa palikuwa na bakery, ukipita asubuhi unashiba kwa harufu. Pale palikuwa na studio yenye pazia lililochorwa ndege, rika langu lote tumepigwa picha tukishuka kwenye ile ndege, hakuna aliyewahi kupanda ya kweli. Jamaa anaitikia tu "sawa mzee", anavizia mashimo.

Msinielewe vibaya, sipingi maendeleo. Ghorofa jengeni, hata zifike kileleni Kibo. Ila mnawezaje kufuta mtu kama mnafuta ubao?

Pasua nikapotea kabisa. Nikamkuta mama mmoja wa Uru amejifunga kanga kiunoni, anagombana na ukuta. Kichochoro alichoelekezwa kimejengewa. Akanitazama: "Na wewe umeelekezwa kwenye mashine ya kusaga?"

Huyo ndiye Mama Glory. Naye anatafuta gauni la bintiye kwa fundi yule yule. Tukazunguka pamoja, yeye akiulaani mji mzima, mimi nikiitikia amina, mpaka tukasikia cherehani nyuma ya nyumba moja.

Fundi Aminieli alikuwa kwenye kichumba cha uani. Shikamoo, marahaba. Nyuma yake magauni meupe yametundikwa ukuta mzima, yote tayari, yamepigwa pasi. La Haika likiwemo. Nilikaa chini kwenye ndoo.

Mama Glory akamgombeza, mbona hakuacha hata maelekezo? Simu yake ilipasuka siku ile ya kuhama, sawa, lakini hata karatasi?

Mzee akatusimulia taratibu. Aliandika kwa chaki kwenye nguzo ya baraza: fundi Aminieli yuko Pasua, na njia ya kufika. Kesho yake wakapaka rangi. Akarudi akaandika tena. Wakapaka tena. Mara ya tatu akaambiwa ataitiwa polisi kwa kuharibu mali.

"Ilikuwa chaki, Baba Haika," akaniambia. "Chaki inafutika kwa mkono."

Hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

Kesho yake, Jumamosi, ndiyo siku wazazi wote wangeshuka kuchukua nguo. Wangelikuta kioo na yule mlinzi. Fundi hakutaka kukanyaga tena pale. Basi asubuhi hiyo mimi na Mama Glory tukayabeba magauni yote, tukayatundika kuzunguka mwavuli wa mama parachichi, tukasimama.

Mlinzi akavuka kuja kutufukuza, eti tunachafua mandhari. Mama Glory hata hakugeuka. Akasema, "Hapa hakujawahi kuwa na mlinzi." Mtaa ulicheka, jamaa akarudi kwenye spika yake.

Wazazi wakaja mmoja mmoja, wengine wameshaanza kulia. Kila mmoja akaondoka na lake.

Likabaki moja. La mtoto mwembamba, kola ya lesi, vifungo vya lulu mgongoni.

Fundi anasema lililetwa na bibi mmoja wa huku juu, hana simu. Na mama parachichi akakumbuka kitu. Alhamisi alimwona bibi amesimama mbele ya kile kioo muda mrefu. Aliongea na mlinzi. Kisha akaigusa ile nguzo iliyopakwa rangi, akajishika kichwa, akaondoka kuelekea stendi. Mama alikuwa na mteja, mpaka anasimama amwite, bibi ameshapotea.

Jumapili Haika alipendeza, mama yake alilia kwenye leso mbili. Mimi nilikaa kanisani nachemka. Kuna binti mahali fulani mlimani alipiga magoti siku ile ile bila gauni lake, au hakupiga kabisa.

Somo langu ni fupi. Mkibomoa, acheni chaki. Hamkosi chochote. Na sisi wenyeji, fundi, muuza duka, kinyozi, mkimwona anafungasha, muulizeni anakwenda wapi, kisha mtangaze.

Tiririkeni hapo chini. Tajeni wa kwenu waliopotea, na kama mnajua walikohamia mseme, huenda kuna mtu anazunguka huko anagombana na ukuta. Ila kwanza ulizeni huko kwenu, Kilema, Mamba, Marangu, nani anamjua bibi huyu. Gauni liko kwa fundi Aminieli, Pasua.

Na kama kuna mjukuu anamsomea: Bibi, shikamoo. Kichwa chako ni kizima. Mtaa ulikuwa ule ule, na mafundi walikuwepo.