Ya Namba Tisa

Miaka kumi na tisa Bi Mkokoteni alibeba taka za mtaa mmoja, na hakuna aliyewahi kumwuliza jina lake la kweli. La kazi lilitosha. Mkokoteni wake ulikuwa na gurudumu moja la baiskeli na jingine la pikipiki, ndiyo maana ulikwenda upande upande kama mlevi. Anagonga geti, anapokea gunia, anakwenda zake. Hakufundishwa na mtu kutenganisha. Akilishika gunia tu, kwa uzito wake alishajua kilichomo: chupa, makopo, karatasi au maganda.

Basi jiji likaleta mambo mapya. Kila nyumba mapipa matatu: la kijani la mabaki ya jikoni, la bluu la chupa na karatasi, jeusi la visivyofaa kitu. Karatasi ziwekwe kavu, na zisichanwe. Gari litapita mara mbili kwa wiki, na mikokoteni marufuku. Ila kila mtaa utaajiri msimamizi mmoja wa kukagua mapipa: koti, glovu, mshahara kila mwezi. Wenye mtaa watamchagua kwa kunyoosha mikono.

Sasa niambie, angekuwa nani mwingine? Mwenye duka alimleta mpwa wake, jitu zima limekaa kibarazani tangu limalize shule, ganda la ndizi linarusha barabarani. Bi Mkokoteni alimcheka. Lakini usiku magoti yake yalimkumbusha ukweli: akilikosa koti lile, hakuna wa kumwajiri tena duniani.

Barua ya maombi aliandikiwa na Mwalimu wa nyumba namba tisa, mama mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza. Ndiyo nyumba pekee alikokaribishwa kiti na chai kwenye vikombe vya wageni.

"Koti hilo lako, mwenzangu," Mwalimu alimwambia. "Mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

Mwalimu alikuwa na mwana ng'ambo. Kila Jumamosi aliwasomea majirani barua zake barazani. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Ndani ya gunia la namba tisa zilikuwamo karatasi zilizokunjwakunjwa, "Mama mpendwa" imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena, kwa mwandiko ule ule wa kupendeza. Miaka sita mwana hajatuma hata salamu. Bi Mkokoteni hakumwambia mtu. Karatasi zile alizichana vipande vidogo vidogo, akavizika chini ya maganda, asije akavisoma mtu huko jalalani.

Siku ya mkutano walijaa ukumbini. Bwana Afya, aliyetumwa na jiji, akamwangalia Bi Mkokoteni kutoka juu hadi chini.

"Haya mama. Mwenzako kamaliza shule. Wewe unajua nini?"

Mwenye akili angesema anajua kutenganisha, akakaa. Lakini mtu aliyenyamaziwa miaka kumi na tisa, ukimwuliza anajua nini, jamani, si atakwambia?

"Naujua mtaa wote! Namba tatu, chupa sita za pombe kila wiki, zimefungwa gazetini zisigongane. Chupa, bluu."

Ukumbi ukacheka. Baba wa namba tatu alishamwapia mkewe kwamba ameacha. Mkewe hakucheka.

"Namba tano wanatupa mikate mizima, na msichana wao wa kazi ananiomba mmoja kwa mlango wa nyuma. Mkate, kijani. Namba saba, baba anapaka nywele rangi. Kopo lake, jeusi."

Kila mtu alicheka mpaka ifike zamu yake. Na yeye maskini, alidhani kicheko kile ni sifa! Akafika namba tisa. Mwalimu alikuwa kiti cha mbele, kaushika mkoba kwa mikono miwili.

"Namba tisa... Ya namba tisa hayasemeki. Namba kumi na moja..."

Hakuna aliyetaka kusikia ya namba kumi na moja. Shingo zote zilishageuka.

"Hayasemeki?" mwenye duka akadakia. "Mwalimu, unatupa nini wewe?"

"Ni zile barua, si ndiyo?" akasema mke wa namba tatu, polepole, kama anayelipa deni. "Maana stempu hatujawahi kuziona."

Uso wa Mwalimu ulijibu. Kile kicheko kilichofuata, hata mbwa hachekwi vile.

Bwana Afya akauliza nani anamtaka mpwa wa mwenye duka. Mwalimu aliahidi kuwa wa kwanza, na alikuwa wa kwanza. Mkono wake ulinyooka kabla ya wa mjomba mtu. Ukumbi mzima ukamfuata.

Nje, Bi Mkokoteni alimkimbilia kwa magoti yake yale.

"Mwalimu, sikusema kitu! Nilikusitiri!"

"Ungesema maganda," Mwalimu akamjibu bila kugeuka. "Ungesema makopo. Miaka yote hiyo umebeba uchafu wangu, ukashindwa kunibebea uongo mmoja?"

Askari wa jiji waliuchukua mkokoteni wiki ile ile. Siku gari lilipoanza kupita, Bi Mkokoteni aliamka alfajiri kwa mazoea, akasimama ng'ambo ya namba tisa, mikono mitupu. Mpwa wa mwenye duka, kajaa ndani ya koti, alifungua pipa la bluu. Mwalimu ni mtu wa kufuata kanuni. Barua zote za miaka sita, zile za kila Jumamosi, zilikuwamo, kavu, zimefungwa kwa kamba, hata moja haikuchanwa.

"Njooni, njooni!" mpwa akawaita wapakiaji wa gari. "Sikilizeni hii!"

Bi Mkokoteni alivuka mbio, akanyoosha mkono azichukue.

"Mama, usiguse! Hii sasa mali ya jiji."

Akamsukuma kwa kiwiko, akakohoa kama msomaji wa taarifa ya habari. Dirishani Mwalimu alikuwa amesimama, na hakumtazama mpwa. Alimtazama Bi Mkokoteni.

"'Mama mpendwa,'" mpwa akasoma kwa sauti, "'usilie, mwaka huu nakuja...'"

Wapakiaji wakacheka mpaka wakashikilia gari.